Taarifa zako zimevuja: nani atakulipa, na kwa hasara ipi? Majibu kwa wasomaji wa Nyanda za Juu Kusini

Barua zilizotufikia kutoka Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa zinauliza jambo moja kwa sura nyingi: taarifa zangu zimetoka mikononi mwa niliyempa kwa kumwamini, je, kuna wa kunilipa? Msingi wa majibu yote yaliyo hapa chini ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, pamoja na chombo inachokianzisha, yaani Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua rasmi tarehe 3 Aprili 2024. Nimefupisha barua na kuondoa majina ya waandishi pamoja na ya wanaolalamikiwa. Ingekuwa kichekesho kuvujisha taarifa za watu katika safu inayozungumzia uvujaji.

Mwanjelwa, Mbeya: Duka la mtandaoni ninakonunua vitenge limenitumia ujumbe kwamba mfumo wao umeingiliwa, na huenda jina langu, namba ya simu na mahali ninapoishi vimeonwa na wasiohusika. Je, tayari nina fidia ya kudai?

Haki ya kulalamika unayo tangu leo. Haki ya kulipwa inategemea mambo ambayo barua yako haijayataja. Sheria inampa fidia mhusika, yaani mwenye taarifa, aliyepata madhara kwa sababu mkusanyaji wa taarifa zake, ambaye hapa ni duka, alikiuka wajibu wake, na sentensi hiyo ina mambo matatu ambayo mdai anapaswa kuyaonyesha: kwamba duka lilikosea, kwamba wewe umeumia, na kwamba maumivu hayo yametokana na kosa hilo. Mfumo kuingiliwa, peke yake, hakuthibitishi hata la kwanza, kwa sababu mwizi anaweza kuvunja hata mlango uliofungwa vizuri. Linalochunguzwa ni kama duka lilichukua hatua za usalama zinazolingana na unyeti wa taarifa lililokuwa nazo.

Suala la madhara limezisumbua mahakama za nchi nyingine pia. Tarehe 4 Mei 2023 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika shauri lililohusu shirika la posta la Austria, iliamua kwamba kukiukwa kwa sheria peke yake hakutoshi kumpa mtu fidia, ingawa pia hatakiwi kuonyesha kwamba madhara yake yamefikia kiwango fulani cha ukubwa. Uamuzi huo hauzifungi mahakama zetu, lakini unaonyesha hoja ambayo wakili wa upande wa pili hataacha kuitoa.

Kwa sasa usiufute ujumbe huo, kwa kuwa ni kukiri kwa maandishi ambako wadai wengi hawakupati. Liandikie duka ukitaka kujua ni taarifa zipi hasa zilitoka, lini, na kama Tume imeshaarifiwa, kwa sababu sheria inamtaka mkusanyaji aiarifu Tume bila kuchelewa pindi anapobaini uvujaji. Kama neno la siri ulilotumia dukani ndilo unalotumia kwenye barua pepe, libadilishe leo.

Tukuyu: Mtu alinipigia akisema anatoka huduma kwa wateja wa benki yangu. Alijua majina yangu matatu, namba yangu ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa) na muamala wa mwisho nilioufanya. Nikamwamini, nikamtajia tarakimu zilizoingia kwenye simu, na Sh 840,000 zikaondoka. Benki inasema kosa ni langu kwa sababu nilitoa namba za siri. Je, ndiyo basi?

Pole sana, mama. Sio basi, ila njia ina mwinuko.

Benki inataka mjadala uanze pale ulipotaja zile tarakimu. Wewe uanzishe nyuma kidogo: huyo mtu alijuaje? Majina matatu na namba ya NIDA vimetapakaa mno. Tunaviandika kwa wakala, kwenye daftari la wageni la nyumba ya kulala, katika ofisi ya kijiji, kwenye fomu za kikoba, tena wengi hawatambui kwamba tarakimu nane za mwanzo za namba hiyo yenye tarakimu 20 ni tarehe ya kuzaliwa ya mwenyewe. Kwa hiyo usijenge madai yako juu ya NIDA, kwa kuwa benki itakuuliza, na itakuwa na haki kuuliza, ni wangapi wengine walikuwa nayo. Jenga juu ya muamala wa mwisho. Wanaoujua muamala wako wa mwisho ni wachache: wewe, benki, pengine wakala au kampuni ya simu uliyopitia, na uliyemlipa. Ukiweza kuonyesha kwamba uliyemlipa hakuhusika na kwamba hukumwambia mtu mwingine, lawama inaanza kuwa na anwani. Sheria yetu inauhesabu mwenendo wa miamala ya fedha ya mtu kuwa taarifa binafsi nyeti, na nyeti hudai ulinzi mkubwa zaidi.

Fanya mambo haya bila kungoja wiki ipite. Peleka benki malalamiko ya maandishi, nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa. Maneno ya kaunta hayana kumbukumbu. Omba taarifa ya akaunti inayoonyesha saa kamili fedha zilipotoka na zilikokwenda. Nenda polisi uandikishe maelezo na upewe namba ya RB, yaani ya kumbukumbu ya taarifa yako. Namba iliyokupigia itume kwenda 15040, namba ambayo Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania imeitenga kwa taarifa za utapeli wa simu, kisha piga *106# uone kama kuna laini usiyoijua iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako. Halafu keti uandike kwa mkono wako kila neno unalolikumbuka kutoka katika mazungumzo yale, uweke tarehe na sahihi. Baada ya miezi sita hutakumbuka kama alitaja muamala kabla au baada ya wewe kumtajia benki yako, na tofauti hiyo ndogo inaweza kuamua shauri zima.

Baada ya hapo una njia mbili ambazo hazizuiani. Ya kwanza ni ya mlaji wa huduma za fedha: chini ya Kanuni za Kulinda Watumiaji wa Huduma za Fedha za mwaka 2019, benki inapaswa kuwa na utaratibu wa kupokea na kujibu malalamiko, na usiporidhika unakwenda Benki Kuu ya Tanzania, ambayo ina tawi mjini Mbeya. Njia hiyo inahusu kurudishiwa fedha. Ya pili ni ya ulinzi wa taarifa, mbele ya Tume, na inahusu zilikotoka taarifa zako.

Kuhusu kiasi, usijidanganye. Hasara halisi, yaani zile Sh 840,000 pamoja na nauli za kwenda na kurudi Mbeya mjini, lazima itajwe waziwazi na kuthibitishwa senti kwa senti, na Mahakama ya Rufani imelisisitiza hilo mara nyingi. Fidia ya jumla kwa usumbufu na fadhaa huachwa kwa busara ya anayeamua. Na kwa kuwa ulitaja tarakimu, uwe tayari kusikia kwamba ulichangia hasara yako na kwamba kiasi kinapunguzwa kwa sababu hiyo. Kupunguzwa, hata hivyo, si sawa na kukosa, na barua ya benki inayochanganya mambo hayo mawili usiichukulie kuwa hukumu.

Mbozi, Songwe: Katibu wa AMCOS yetu, yaani chama cha ushirika wa mazao, alituma katika kundi la WhatsApp orodha nzima ya wakulima wa kahawa: majina, namba za simu, kilo na malipo ya kila mmoja. Siku chache baadaye wengi wetu tulianza kupokea ujumbe wa matapeli. Hakuna mfumo uliodukuliwa. Je, huu nao ni uvujaji?

Ni uvujaji kamili. Watu wamezoea kufikiri kwamba uvujaji ni kazi ya kijana mwenye kompyuta katika nchi ya mbali, wakati sehemu kubwa ya uvujaji wa kwetu hufanywa mchana kweupe na mtu mwenye nia njema: orodha inabandikwa ukutani, faili linatumwa katika kundi lisilo lake, daftari linaachwa mezani. Sheria haiulizi kama taarifa zilitoka kwa hila au kwa uzembe. Inauliza kama zilitumika nje ya lengo zilizokusanywa kwa ajili yake, na kama zilifika kwa asiyestahili.

Chama chenu ndicho mkusanyaji, wala hakiwezi kujificha nyuma ya katibu kwa kusema alifanya kwa utashi wake, maana alikuwa na orodha hiyo kwa sababu ya kazi ya chama. Hoja ambayo viongozi wataileta ni ya uwazi: kwamba wanaushirika wana haki ya kujua hesabu. Hoja hiyo ina uzito, nami siidharau. Lakini uwazi wa hesabu za chama unatimizwa kwa kilo zote, malipo yote na makato yote yaliyosomwa katika mkutano mkuu, na mwanachama mwenye shaka akaonyeshwa ukurasa wake. Hauhitaji namba ya simu ya jirani iwekwe kando ya kiasi alicholipwa, tena wiki ambayo kila tapeli anajua kwamba wakulima wana fedha mkononi.

Kwa fidia, tofautisheni makundi. Aliyetapeliwa ana hasara ya kuonyesha, ingawa bado lazima aonyeshe kwamba tapeli alitumia orodha hiyo. Ujumbe unaotaja kilo zake kamili ni ushahidi mzuri sana, ilhali ule wa kawaida wa «ile hela tuma kwenye namba hii» haumsaidii, kwa kuwa ujumbe huo hutumwa kwa nchi nzima. Asiyetapeliwa ana sababu ya kulalamika na kutaka orodha ifutwe, na pengine fidia ndogo ya usumbufu. Kabla katibu hajaifuta, mtu mmoja katika kundi apige picha za skrini zinazoonyesha jina la kundi, aliyetuma, tarehe na saa.

Iringa: Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa chuo. Nilikopa Sh 60,000 kwenye programu ya simu, nikachelewa kulipa, wakawatumia ujumbe mama yangu, shangazi, mhadhiri wangu na mchungaji kwamba mimi ni mwizi. Je, ninaweza kudai fidia ilhali deni ni la kweli?

Marahaba, mwanangu. Unaweza, na deni kuwa la kweli hakubadilishi jambo hilo. Anayekudai ana haki ya kukudai wewe. Kumwambia mchungaji wako habari za deni lako hakumo katika haki hiyo, na kukuita mwizi mbele yake kunafungua hata mlango wa madai ya kashfa. Wala usitumie kosa lao kama sababu ya kutolipa, kwa kuwa hayo ni mambo mawili, na atakayesikiliza lalamiko lako atakutazama kwa jicho jingine ukiwa umelipa au umeandika jinsi utakavyolipa.

Utetezi wao utakuwa kwamba wakati wa kupakua programu ulibonyeza kitufe cha kukubali isome majina ya watu waliomo katika simu yako. Hoja hiyo ina shimo kubwa. Wewe unaweza kukubali kwa ajili ya taarifa zako, lakini shangazi hakukubali chochote. Namba yake ilichukuliwa bila yeye kujua na kutumika kwa jambo lisilomhusu, kwa hiyo shangazi naye ni mhusika mwenye lalamiko lake mwenyewe, na namshauri alipeleke. Wenzetu wa Kenya wameshapita hapo: mwezi Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ya nchi hiyo iliitoza kampuni ya Mulla Pride, iliyokuwa ikiendesha programu za mikopo, Sh 2,975,000 za Kenya kwa kutumia majina na namba za watu wengine namna hiyohiyo.

Kwanza tazama kama programu hiyo ina leseni. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali, na hilo lina maana kwako kwa namna isiyofurahisha: mkopeshaji wa kausha damu, yaani wa mikopo ya kukamua, asiye na leseni mara nyingi hana pia ofisi, hana mkurugenzi anayeonekana wala akaunti ya kukamata, na amri ya fidia dhidi ya mtu asiyepatikana haina wa kuitekeleza. Tafuta jina la kampuni katika vigezo na masharti ya programu, katika risiti ya muamala uliokupa mkopo, na katika jina linalotokea unapolipa. Ukilipata jina lililosajiliwa, shauri lako lina miguu. Usipolipata, ripoti yako bado inafaa kwa Benki Kuu na polisi, ila fidia usiihesabu.

Njombe: Lalamiko linapelekwaje kwenye Tume, linachukua muda gani, na je, ni lazima niandike kwa Kiingereza?

Kiswahili kinatosha, tena sheria yenyewe imeandikwa kwa Kiswahili, na tangu marekebisho ya mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama pia.

Anza kwa mkusanyaji mwenyewe. Mwandikie ukieleza kilichotokea, ukitaka nakala ya taarifa zako anazozishikilia na orodha ya aliowapa, kisha umpe siku za kujibu. Haki ya kuziona taarifa zako ni haki kamili isiyohitaji kwanza uthibitishe kosa, na wadai wachache huitumia, jambo ambalo hunishangaza kila mara, kwa sababu majibu ya mkusanyaji, au kimya chake, ndiyo hujaza nusu ya jalada. Asipojibu au akikujibu ovyo, peleka lalamiko kwa maandishi kwenye Tume. Lieleze kwa mpangilio wa tarehe: nani mkusanyaji, ulimpa nini na kwa lengo gani, nini kilitoka, umejuaje, umepata madhara gani, unataka nini. Hapo mwisho wengi huandika «nataka haki itendeke», maneno yasiyompa mwamuzi cha kuamuru. Andika kiasi, na uambatishe risiti.

Tume inapaswa kukamilisha uchunguzi ndani ya siku 90 tangu kupokea lalamiko, na inaweza kujiongezea muda usiozidi siku 90 nyingine, kwa hiyo panga kwa nusu mwaka. Asiyeridhika na uamuzi hukata rufaa Mahakama Kuu, ambayo kwa kanda yetu inasikiliza mashauri Mbeya na Iringa. Ukichagua njia ya shauri la madai mahakamani, kumbuka ukomo: madai yatokanayo na madhara ya kiraia kwa kawaida hufa baada ya miaka mitatu, na yapo yanayokufa mapema zaidi, kwa hiyo usikae na jalada nyumbani ukisubiri mavuno yapite.

Kuhusu ushahidi wa simu, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaukubali, ila atakayeuleta lazima aonyeshe kwamba haukuchezewa. Tunza simu yenyewe, usiiuze wala usiifute kumbukumbu zake, na picha ulizochapisha ziambatane na hati ya kiapo inayosema ni nani alizitoa, lini na kutoka simu ipi. Asiye na uwezo wa wakili aende kwa wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri huwajua walipo.

Ipogolo, Iringa: Nimesoma kwamba kampuni inayovujisha taarifa inaweza kutozwa hadi Sh bilioni 5. Je, tulioathirika tutagawana?

Hapana. Kiasi hicho ni faini ya jinai kwa kampuni iliyotiwa hatiani kwa kutoa taarifa binafsi kinyume cha sheria, kuanzia Sh milioni 1 hadi bilioni 5, na faini huenda serikalini. Ndivyo ilivyo pia kwa adhabu ya kiutawala ambayo Tume inaweza kuitoza, isiyozidi Sh milioni 100. Fidia ni madai yako binafsi, huamuliwa kwa kadiri ya madhara yako, na usipoiomba hakuna atakayekuombea. Faini inakusaidia kwa njia moja tu: uamuzi kwamba kampuni ilikosea unakupunguzia kazi ya kuthibitisha kosa, ukabaki na ya kuthibitisha hasara.

Makambako: Majibu yangu ya vipimo yalipigwa picha na mhudumu wa hospitali ya umma na kusambaa mtaani. Nimeacha hata kwenda kanisani. Ninaogopa kuishtaki Serikali.

Pole, ndugu yangu. Hofu yako inaeleweka, na ninaomba uisome sentensi hii mara mbili: lalamiko kwenye Tume si kuishtaki Serikali. Sheria inazihusu taasisi za umma kama inavyozihusu za binafsi, taarifa za afya ni nyeti, na ikiwa vipimo vilihusu virusi vya UKIMWI, Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 nayo inalinda usiri wa majibu. Juu ya yote, Ibara ya 16 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa faragha yake.

Shauri lako lina sura tofauti na ya wale waliopoteza fedha. Huna risiti, na madhara yako ni aibu, kutengwa na usingizi uliopotea. Hayo yanalipika, lakini yanahitaji mashahidi: ndugu aliyeona ulivyobadilika, mteja aliyeacha kununua kwako, mshauri wa afya ya akili uliyemwona. Mhudumu mwenyewe anaweza kuwajibishwa kwa jinai na kwa nidhamu, na hospitali ikajibu kwa uzembe wa kumwachia nafasi hiyo.

Ukiamua kwenda mahakamani, Sheria ya Mashauri Dhidi ya Serikali inataka kwanza notisi ya siku 90 kwa taasisi husika, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na shauri lifunguliwe Mahakama Kuu. Notisi ikikosewa shauri huondolewa hata kabla ya kusikilizwa, na hapo ndipo nasema wazi: usifanye peke yako, tafuta wakili. Unaweza pia kuomba majina yako yafichwe katika kumbukumbu za shauri.

Mafinga: Tuliovujishiwa na kampuni moja ni zaidi ya mia. Je, tukiungana tutapata zaidi?

Mtapunguza gharama. Kupata zaidi ni jambo jingine. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inaruhusu wachache kufungua shauri kwa niaba ya wengi wenye maslahi mamoja, kwa kibali cha mahakama. Ugumu ni hilo neno «mamoja»: kosa la kampuni ni moja kwenu nyote, lakini madhara yametofautiana, mmoja kapoteza mtaji wa mbao, mwingine kapokea ujumbe wa kuudhi akaufuta. Mahakama ya Juu ya Uingereza, tarehe 10 Novemba 2021, ilikataa madai yaliyoletwa dhidi ya Google kwa niaba ya zaidi ya watumiaji milioni 4 wa iPhone kwa sababu hiyohiyo, kwamba hakuna aliyethibitisha madhara ya mtu mmoja mmoja.

Hata wanaoshinda kwa wingi hawatajiriki. Kampuni ya Equifax ya Marekani, iliyovujisha taarifa za watu wapatao milioni 147 mwaka 2017, ilikubali mwaka 2019 kumaliza shauri kwa malipo makubwa, na kila mtu akaambiwa anaweza kuchagua dola 125 taslimu. Fungu la malipo hayo lilikuwa dola milioni 31 tu, walioomba wakawa wengi mno, na kilichomfikia kila mmoja kikawa sehemu ndogo ya kile kiasi. Waliokuwa na hasara yenye nyaraka walikuwa na fungu jingine. Kwa hiyo ungeni mkono katika kuthibitisha kosa, mchangie wakili mmoja, lakini kila mtu awe na bahasha yake ya hasara.

Tunduma: Nimepigiwa na mtu anayesema anashughulikia fidia za waliovujishiwa taarifa. Anataka Sh 30,000 za kufungua jalada.

Usimlipe. Aliyekupigia huenda ameipata namba yako katika taarifa hizohizo zilizovuja. Tuma namba yake kwenda 15040.

Uyole, Mbeya: Kampuni iliyovujisha taarifa zangu inanipa vocha ya Sh 20,000 «kwa usumbufu», lakini kuna fomu ya kusaini. Je, nisaini?

Isome fomu hiyo kabla ya kuitazama vocha. Ikiwa ina maneno kama «nimeridhika na sina madai mengine yoyote kuhusu jambo hili», basi hiyo si pole, ni mkataba wa kumaliza madai, na mkataba wa namna hiyo ulioingiwa kwa hiari hufunga. Ukija kugundua mwezi ujao kwamba mtu amefungua laini au amekopa kwa jina lako, utaonyeshwa sahihi yako.

Sisemi ukatae kila wanachotoa. Kama taarifa zilizotoka ni jina na namba ya simu tu, na hakuna kilichotokea, Sh 20,000 leo huenda ni zaidi ya utakachopata baada ya nusu mwaka wa barua. Kama zilizotoka ni picha ya kitambulisho, alama za vidole au miamala yako, madhara yake yanaweza kuchelewa, na bei hiyo ni ndogo mno. Njia ya kati ni kuipokea vocha kwa masharti yako: kata mstari maneno ya kumaliza madai, andika kwa mkono «Nimepokea kama pole ya usumbufu wa awali, bila kuathiri haki yangu ya kudai fidia», saini, weka tarehe, na piga picha ya fomu kabla ya kuirudisha. Wakikataa kuipokea hivyo, utakuwa umejua vocha ilikuwa ya kununua nini.